Mjukuu Akija, Nyanya Zijifiche

Mababu wenzangu wa Lushoto, shule zimefungwa, mwezi wa 6 ndio huo. Basi kutoka Dar linashusha mtoto wa miaka sita, na kabla "shikamoo babu" haijafika masikioni, mwenyewe ameshafika kwenye tuta la karoti. "Marahaba" unaiitikia huku unakimbia.

Karoti huanza kuumia kwa sababu iko chini, na kilicho chini mtoto hakiamini mpaka akione. Anang'oa moja, nene kama penseli, anaikagua, anatamka "bado", kisha anairudisha shimoni na kuipigapiga udongo kama analaza mdoli. Mama yangu! Karoti haihamishwi. Vimizizi vyembamba vimeshakatika; ikifika jioni majani yamelala. Ujanja ni kumpa kazi ya kupunguzia: zilizobanana ang'oe, aache nafasi ya vidole vitatu kati ya moja na nyingine, alizotoa aoshe atafune. Atang'oa vilevile, ila sasa ni kilimo.

Nyanya ndizo zinazouma roho. Mtoto unamfundisha wewe mwenyewe kwamba machipukizi ya kwapani, yale ya kati ya shina na jani, yanatolewa yakiwa marefu kama kidole, ili nguvu iende kwenye matunda. Somo analishika. Neno "kwapani" ndilo linalomponyoka. Anapita mstari mzima akikata na ncha za juu, na mche uliokatwa ncha shina lake haliendelei kurefuka. Kufoka huwezi, bibi yake yuko kibarazani anachambua mchele. Tafuta chipukizi moja la juu kabisa lililosalimika, liache, lifunge kwenye mti kwa kamba ya mgomba isiyobana, hilo ndilo litakuwa shina jipya. Utachelewa kuvuna, lakini utavuna.

Ukithubutu kulalamika, jibu ni moja: "Mwache mke mwenzangu." Ndiyo hasara ya utani huu. Babu anamwita mchumba, bibi anamwita mke mwenza, basi nyumba nzima hakuna mwenye ubavu wa kumkanya.

Mke mwenza huyo anamletea bibi maua ya maboga, kiganja kizima. Hapo usipige kelele kabla hujatazama. Ua dume lina kikonyo kirefu, chembamba, kitupu; hilo achume, bakiza machache kwa ajili ya nyuki, mengine yapikwe na majani yake kwa karanga. Ua jike lina kiboga kidogo kama gololi chini yake. Akilichuma hilo, amechuma boga zima. Mwonyeshe gololi, watoto gololi wanazielewa kuliko hotuba.

Kisha anataka kumwagilia. Keni ya lita 10 haiinui, kwa hiyo anaiburuta juu ya mchicha. Akipata kopo, anawamwagia nyanya kichwani "waoge". Ukungu wetu wa mwezi huu peke yake unatosha. Ukiongeza majani yanayolala yakiwa yamelowa, umeitandikia kitanda bakajani, ule ugonjwa wa kuozesha majani ya nyanya. Mpe chupa ya lita moja na nusu, toboa kifuniko matundu sita kwa msumari wa moto, na sheria iwe: maji kwenye mguu wa mche, asubuhi.

Pilipili mbuzi ipande mbali kabisa, nyuma ya migomba. Ukizembea, ataishika, kisha atafikicha jicho, na kilio kitasikika mpaka bondeni. Jicho ni maji safi mengi tu, basi. Mikono ndiyo ipakwe mafuta ya kula kwanza, isuguliwe, halafu sabuni, maana ukali ule unayeyuka kwenye mafuta, maji matupu yanautembeza tu.

La mwisho ni shamba lake mwenyewe, nusu mita kila upande. Kunde, mbegu mbili kwa shimo, kina cha pingili mbili za kidole chake. Siku ya pili anazifukua kuona kama "zimeamka", kimzizi kinakatika, mnaanza upya. Kwa hiyo panda na mbegu nyingine ndani ya glasi, kati ya pamba iliyolowa na kioo, hiyo ndiyo ya kuchunguza. Ya shambani apigwe marufuku.

Halafu Jumapili anaondoka, na kunde, kwa ukaidi wao, zinachomoza Jumatatu. Simu inaita saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka.

"Babu, nitumie picha."

Unapiga, unatuma.

"Siyo hiyo, babu. Chuchumaa."

Na ukishachuchumaa, goti nalo lina maoni yake, mke mwenza anataka picha ya kila jani, moja moja, na ya bibi akiwa pembeni anacheka.