Wali Wangu Hauna Kesi ya Kujibu

Mtu nisiyemjua akinikosoa mtandaoni kwa jambo lisilomdhuru yeye wala mtu mwingine, simpi maelezo. Simtukani, simkejeli, sifungui ukurasa wake kumtafutia doa. Maelezo tu ndiyo simpi. Wapo wanaoona huo ni ujeuri, hasa kwa mwanamke wa Tanga aliyefunzwa tangu mdogo kumwitikia kila anayemsemesha. Mimi naamini ndiyo njia ya heshima, na nimechoka kuona watu wazuri wakijieleza hadi usiku wa manane kwa sababu ya sahani ya chakula.

Napika, na napenda kupiga picha ninachopika. Siuzi chakula wala sifundishi mapishi. Ni wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage, na siku za kazi ugali na dagaa. Chini ya picha hizo nimeshasomewa mashtaka ya kila namna. Wali mkavu huo. Wali umepondeka huo. Wali unachujwa kwa chujio, wapi na wapi? Ugali kwa kijiko, dada, umesahau kwenu? Nazi ya kopo ya nini na mbuzi ya kukunia ipo? Pilau na ndizi mbivu, nani kakufundisha? Punguza mafuta, umri unakwenda. Halafu lipo lile linalomnyamazisha mtu papo hapo: unajua ni watoto wangapi wamelala njaa leo?

Hakuna nililouliza hata moja.

Nichukue hili la kuchuja wali, maana ndilo lililonifanya nifikiri sana. Julai 2020 mchekeshaji Nigel Ng, mzaliwa wa Malaysia aliyekuwa akiishi London, alitoa video akiigiza kama Uncle Roger. Humo alimcheka mtangazaji Hersha Patel, ambaye katika kipindi cha BBC Food alikuwa amechemsha mchele kwa maji mengi, akaumwaga kwenye chujio, kisha akausuuza kwa maji ya bomba. Video ile ilitazamwa na mamilioni. Wale wawili baadaye walirekodi video pamoja na mambo yao yakaisha kwa amani. Ni watu wa kazi hiyo. Kilichonigusa ni watazamaji. Tangu hapo chujio limekuwa kidhibiti. Ukipiga picha ya jikoni kwako na chujio likaonekana pembeni lina wali, atatokea mtu wa kukuhukumu.

Sasa njoo pwani siku ya biriani. Basmati hulowekwa, ikachemshwa kwenye maji tele yenye chumvi na iliki, na punje ikiwa bado na kiini kigumu kidogo, sufuria yote humwagwa kwenye chujio. Maji yanakwenda zake. Ndipo wali unatiwa zafarani au rangi na samli, ukafunikwa, ukapaliwa moto mpaka uive kwa mvuke. Hivyo ndivyo mabibi walivyopika harusi za watu mia kadhaa bila wali kushikana. Wairani nao huuchemsha na kuuchuja hivyo hivyo kabla ya kuuivisha kwa mvuke. Na mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilieleza kwamba kupika mchele kwa maji mara 6 hadi 10 ya kipimo chake na kuyamwaga hupunguza aseniki, sumu ambayo mpunga huifyonza ardhini, kwa asilimia 40 hadi 60. Hasara ipo pia, kwa kuwa mchele ulioongezewa virutubisho hupoteza sehemu yake kwenye maji hayo. Kwa hiyo mwenye kuchuja ana sababu zake, na asiyechuja ana zake. Aliyekuja kunigombeza alikuwa amesimama jikoni kwa mama yake, akadhani dunia yote inapikia jiko lile.

Haya yote ningeweza kuyaandika chini ya picha. Nayajua, ninayo, na yangemfunga mtu mdomo. Siyaandiki, kwa sababu nikileta ushahidi nimeshakubali kwamba kulikuwa na shauri. Nimemvalisha joho mtu ambaye hakuna aliyemteua. Kesho atarudi na swali la pili, na safari hii atakuwa na haki ya kusubiri jibu, kwa kuwa la kwanza nilimpa.

Maelezo hayamalizi. Agosti 2022 ilivuja video ya Sanna Marin, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ufini, akicheza muziki na marafiki kwenye tafrija ya faragha. Kucheza tu. Akaeleza kwamba hakutumia dawa za kulevya. Haikutosha. Akapimwa, na majibu yakatoka safi. Haikutosha, siku hizo hizo ikaibuka picha ya tafrija nyingine iliyofanyika makazi rasmi, na akaomba radhi kwa picha hiyo. Najua kiongozi wa nchi hudaiwa maelezo ambayo mimi sidaiwi, na pengine hakuwa na budi. Lakini tazama mlolongo wenyewe: kila jibu lilizaa dai jipya. Waliomsaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni wanawake wa nchi yake waliojirekodi wakicheza na kuziweka video zao mtandaoni. Hawakumtetea kwa hoja. Walicheza.

Tena kuna jambo la mitambo ambalo wengi hawalifikirii wanapokaa kujibu. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za Facebook, zilizotolewa na Frances Haugen aliyekuwa mfanyakazi wao, zilionyesha kwamba kuanzia 2017 alama za hisia, ikiwamo ile ya hasira, zilihesabiwa mara 5 ya alama ya kupenda katika kuamua nani aonyeshwe nini. Baadaye ile ya hasira ikaondolewa uzito. Mwaka 2018 kampuni ilitangaza kwamba machapisho yanayozua mazungumzo yatapewa kipaumbele. Mtambo hautofautishi mazungumzo na ugomvi. Unapomjibu mgeni kwa aya tatu, naye akajibu, na shoga yako akaingia kukutetea, picha ya dagaa wako inapelekwa kwa watu wengine elfu ambao hawakuwa na habari nawe. Miongoni mwao wamo wakosoaji wapya. Hasira yako ndiyo nauli yao.

Kwetu kusemwa si kitu kigeni, na wala hatukuanza kusemana na intaneti. Wanawake wa pwani wamejibizana kwa khanga kwa zaidi ya karne. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, ndiye ambaye khanga zake zilibeba alama ya "Mali ya Abdulla", na majina ya khanga za zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ukisemwa mtaani, ulikwenda dukani ukachagua jina lako, "Hasidi hana sababu" kwa mfano, ukajifunga, ukapita barazani ukienda sokoni. Hukutaja mtu. Hukusimama kusubiri jibu. Kila mmoja alisoma, aliyekusudiwa akajijua, na wewe ukanunua mchicha wako ukarudi nyumbani. Naipenda adabu ile. Ilikubali kwamba umeumia bila kukulazimisha kujadiliana na aliyekuumiza.

Tofauti ni kwamba yule jirani aliyekusema ndiye huyo huyo aliyekuja na kanda la unga ulipofiwa. Alikuwa na gharama ya kulipa akizidisha, maana kesho mngekutana kisimani, na mtoto wake alikuwa akila kwako. Mgeni wa mtandaoni hana gharama hiyo. Ananiambia nimenenepa, anafunga simu, analala. Siwezi kuyapima maneno yake kwa mizani ileile ninayopimia maneno ya shangazi yangu, ambaye akiniambia nimenenepa ameshika mkono wangu na anataka kujua kama nalala vizuri.

Kuna ukosoaji ambao naupokea kwa mikono miwili hata ukitoka kwa mtu asiye na jina wala picha, nao ni wa hatari. Ningeandika kwamba muhogo mchungu unapikwa kama ulivyochimbwa, nataka watu mia waje kunizuia. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla, umewapata watu Congo, Msumbiji na hapa Tanzania kwa kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, hasa nyakati za njaa. Vivyo hivyo maharage mekundu: yasipochemka sawasawa yana sumu inayotapisha, na kuyaweka kwenye moto mdogo tangu mwanzo hadi mwisho hakutoshi. Mtu akiniona nafanya hivyo akapiga kelele, kelele zake ni wema. Vitisho na matusi ya kumwandama mtu sivisemi hapa, hivyo vina mahali pake. Tanzania tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na unyanyasaji umo ndani yake. Nazungumzia lile tabaka kubwa la katikati, la kijiko na chujio na ndizi.

Gumu kwangu ni la dini na mila, na sitalikwepa. Niliwahi kuonekana kwenye video fupi nimeshika kijiko kwa mkono wa kushoto, na watu wakanijia. Kula kwa mkono wa kulia ni mafundisho ya Mtume, nami ni Muislamu, kwa hiyo siwezi kusema hilo ni sawa na mjadala wa pilau na ndizi. Lakini dini hiyo hiyo ina adabu ya nasaha. Kuna maneno yanayonasibishwa kwa Imamu Shafi, kwamba anayemnasihi nduguye kwa siri amempamba, na anayemnasihi hadharani amemfedhehesha. Katika wote walioandika siku ile, mama mmoja wa makamo alinitumia ujumbe pembeni. Alianza kwa salamu, akauliza hali, akanijulia watoto, kisha akasema, "Mwanangu, nimeona mkono, najua ni kujisahau." Nilimjibu "Ahsante mama, nimesikia," na nilimaanisha. Wale wa hadharani sikuwajibu. Hoja yao na yake ilikuwa moja.

Na lile la watoto wanaolala njaa? Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linatumia jambo la kweli na zito kama fimbo. Njaa ipo. Lakini picha yangu ikifutwa, hakuna mtoto atakayeshiba. Ninachotoa natoa kimyakimya kama nilivyofunzwa, na sitakitangaza ili kujisafisha mbele ya mtu ambaye hata hakuuliza natoa nini. Huo ndio mtego wenyewe: unakusukuma uvunje siri ya sadaka yako ili uruhusiwe kula wali.

Kwa vitendo, basi. Maoni ya hukumu, kwa mara ya kwanza, nayaacha yalivyo. Akirudi, natumia ile nyenzo ya Instagram iliyoanza 2019 inayomwachia mtu aendelee kuandika huku maoni yake akiyaona yeye peke yake. Nimewaomba marafiki zangu wasinipiganie kwenye maoni. Wakitaka kunifariji, wanipigie simu. Hili wanaliona gumu kuliko mimi, na shoga yangu mmoja bado huteleza, kwa mapenzi.

Muda niliokuwa nikiuchoma kwa kujitetea sasa nawapa wanaouliza. Swali si hukumu, hata likija bila salamu. Juzi kijana mmoja anayeishi peke yake Dodoma aliniuliza kwa nini tui lake hukatika kila akipika samaki. Nikamwandikia kirefu: mdogo wangu, pikia kwanza tui jepesi, samaki akikaribia kuiva ndipo utie tui zito, moto uwe mdogo, usifunike sufuria, na koroga taratibu upande mmoja mpaka lichemke. Ndimu usiitie kabla ya hapo. Kama una nazi ya kopo, tia hiyo hiyo.