Chanzo cha Ajali: Mafunzo ya Usalama

Mpwa wa bosi wetu alirudi kutoka kozi ya usalama kazini na helmeti, kizibao cha kung'aa, na cheti kilichowekwa kwenye fremu ya kioo. Kioo chenyewe tulimkatia sisi, bure. Tangu hapo karakana yetu ya vioo na aluminiamu hapa Dar es Salaam ikawa na Bwana Usalama.

Mimi ni mtunza stoo. Kazi yangu ni kujua shiti ngapi zimeingia, zipi zimekatwa, na fundi gani kaficha kipande cha kioo cha rangi ya bronzi nyuma ya kabati akimsubiri mteja wake wa jioni. Bwana Usalama alianzia kwangu. Akaniuliza natoa mali kwa utaratibu gani. Nikamjibu: shiti iliyo mbele ndiyo inayotoka. Akashika kichwa, yaani helmeti.

"Dada Stoo! Kilichoingia kwanza ndicho kitoke kwanza!"

Utaratibu huo ni mzuri sana kwa mtu anayeuza maziwa. Vioo tunavisimamisha vikiegemea fremu ya mbao yenye umbo la A, kimoja mbele ya kingine, kwa hiyo kilichoingia kwanza kiko nyuma kabisa na wenzake wote wamekilalia. Shiti moja ya milimita 6, futi 8 kwa 6, ina kilo 67 hivi. Ukimtaka mzee wa nyuma, hamisha kwanza ukoo mzima. Na usithubutu kuumaliza upande mmoja wa fremu ukaacha wa pili umejaa, maana fremu inasimama kwa kuwa pande zote mbili zinavutana. Ukivuruga hesabu hiyo inakuja yote, na wewe uko chini.

Ukweli usemwe, hoja yake ilikuwa na chembe ya akili. Unyevu ukiingia katikati ya shiti zilizokaa muda mrefu, kioo kinapata ukungu ambao hautoki hata ukisugue mpaka Idi. Tukakubaliana mzigo mpya uwe na fremu yake. Mabega ya vijana yakapona.

Kisha akageukia sakafu. Pale chini tulikuwa na magongo ya mbao tuliyoyavika vipande vya zulia. Kioo kikishushwa, kinatua juu yake. Yeye akayaandika kwenye daftari lake: "vikwazo vya kujikwaa." Yakatolewa nje, na kabla ya adhuhuri mama ntilie wetu alikuwa ameshayatia jikoni. Maharage ya siku ile yalinukia zulia.

Jumamosi tukaitwa wote kwenye mafunzo. Bwana Usalama alifungua kwa kutusomea Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 kwa sauti ya mahubiri, kisha akaonya kuhusu kudaka kioo kinachoanguka. "Kikianguka, kiache! Ruka pembeni!" Hapo hata Fundi Mkuu, ambaye ana alama ya mshono kiganjani na huwa hamsifii mtu, aliitikia kwa kichwa.

Ingeishia hapo tungempenda. Lakini akataka tuone kwa macho nguvu ya kioo kilichopikwa. Kilichokuwepo cha aina hiyo kilikuwa kimoja tu: mlango wa bafu wa mama mmoja wa Mbezi, milimita 10, umeshatobolewa matundu ya bawaba, umeshalipiwa.

Kioo hicho hukatwa na kutobolewa kwanza, ndipo kinaingia tanurini kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600, halafu kinapulizwa upepo kipoe ghafla. Ngozi ya nje inabaki imejibana na tumbo linajivuta. Usoni kinavumilia makofi. Ubavuni na kwenye kona ndipo roho yake ilipo, na ukishakipika hukikati tena hata nusu inchi.

"Bosi mdogo," Fundi Mkuu akasema taratibu, "huo una mwenyewe."

"Mzee wangu, usiwe na wasiwasi. Hii ni sayansi."

Akaugonga katikati kwa nyundo ya mpira. Ukalia duu, ukatulia. Akagonga tena kwa nguvu zaidi. Vijana wakapiga makofi, na mama ntilie, aliyekuja kudai pesa zake za maandazi, akaliweka sufuria chini ili aone vizuri. Bwana Usalama akatabasamu, akaushika mlango yeye na kijana mmoja, wakaushusha kiungwana mahali ambapo magongo yalikuwepo kila siku.

Kona ikagusa saruji. Wala haikugonga, iligusa tu.

Mlio ulikuwa wa tairi la lori. Mlango ukatoweka, pakawa na chembe kwenye helmeti, kwenye kola na kwenye sufuria la maandazi. Lundo chini likaendelea kulia tik, tik, tik, peke yake. Hakuna aliyekatwa, kwa sababu miwani tulivaa na chembe za kioo kile hazina makali kama vigae vya kioo cha kawaida. Bwana Usalama alikuwa mlangoni tayari. Kuruka pembeni alikuwa anakujua kweli.

Ikabidi ijazwe fomu ya ajali. Kalamu ilikwama kwenye mstari wa "Chanzo".

"Andika mafunzo ya usalama," Fundi Mkuu akamsaidia.

Akaandika "Sakafu".

Mama wa Mbezi akafika na kirikuu kuchukua mlango wake. Bosi alimtuliza, akaahidi mwingine kwa gharama ya karakana, na sote tukamtazama mpwa. Mama akachungulia ndoo tulizofagilia.

"Hizi zinang'aa. Zingefaa kwenye vyungu vyangu vya maua."

"Chukua, mama," Fundi Mkuu akasema. "Mlango ni wako, sisi tumekusagia tu."

Hakuruhusiwa kuondoka hivi hivi. Bwana Usalama alishapitisha kwamba mali haitoki bila fomu, na fomu zilikuwa zimeshachapwa: "Mlango mmoja, umepokelewa ukiwa katika hali nzuri." Mama akaisoma, akanitazama, akatia saini. Kijana akapakia ndoo.

Kisha akanyoosha mkono. "Na bawaba zangu?"