Kijerumani na Kiholanzi: Wanasomana Kuliko Wanavyosikilizana

Kila anayejifunza Kijerumani huambiwa siku moja kwamba akishakijua, Kiholanzi amepewa bure. Mimi niliambiwa na mwalimu wangu wa kwanza, nikaambiwa tena na wenzangu nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Uholanzi baada ya miaka miwili ya kuhangaika na Kijerumani. Upande wa pili wapo Waholanzi wenyewe, ambao hukereka wakisikia lugha yao ikiitwa lahaja ya Kijerumani. Nimeishi na kauli zote mbili, na naona kila moja ina ukweli wake, ila zinapima vitu tofauti: ya kwanza inapima macho, ya pili inapima masikio na ulimi. Na siku hizi jambo hili si la wasomi peke yao. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira na uhamiaji huko Berlin mwezi Septemba 2024, vijana wengi wanaulizia Kijerumani, na wapo wanaouliza kama watakachojifunza kitawafaa pia wakivuka mpaka kuingia Uholanzi.

Tuanze na macho, maana huko ndiko udugu unakoonekana wazi. Maji kwa Kiholanzi ni "water", kwa Kijerumani "Wasser". Tofaa ni "appel" na "Apfel", kulala ni "slapen" na "schlafen", kitabu ni "boek" na "Buch", kumi ni "tien" na "zehn". Haya hayakutokea ovyo. Kuanzia karne ya 6 hivi, wasemaji wa kusini, upande wa milima ya Alps, walianza kuzilegeza p, t na k: p ikawa pf au f, t ikawa z au s, na k iliyofuata irabu ikawa ch. Mabadiliko hayo yakapanda kaskazini yakififia njiani, na Waholanzi hayakuwafikia. Sisi wa Kiswahili tunao mchezo huohuo nyumbani. Aliyezoea "macho", "mchele" na "kucheka" vya Unguja, akikaa na wazee wa Mombasa atasikia "mato", "mtele" na "kuteka", na akishaishika kanuni hiyo moja mengine anayatambua mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Wiki ya tatu nilikuwa nasoma matangazo ya vyumba vya kupanga na vichwa vya habari bila kufungua kamusi, wala darasa la Kiholanzi sikuwa nimelikanyaga.

Wanaisimu wamechora mstari kufuata mahali mabadiliko yale yalipokomea. Wanauita mstari wa Benrath, kwa jina la mahali unapovuka mto Rhine, ambapo leo ni sehemu ya jiji la Düsseldorf. Kusini yake "kufanya" ni "machen", kaskazini ni "maken". Ukiutazama kwenye ramani utaona haufuati mpaka wa Uholanzi na Ujerumani hata kidogo. Unaikata Ujerumani yenyewe vipande viwili kutoka magharibi hadi mashariki. Wakulima na wavuvi wa kaskazini yote ya Ujerumani, Hamburg na Bremen zikiwamo, kwa karne nyingi walizungumza Kijerumani cha Chini, na "chini" hapo ni nyanda za chini za pwani, haihusu cheo. Kwa konsonanti hizo wako upande mmoja na Waholanzi.

Kwa hiyo Kiholanzi hakikukatwa kutoka kwenye Kijerumani tunachofundishwa darasani. Hicho cha darasani kimejengwa juu ya lahaja za kusini na za katikati, kikapelekwa kaskazini kwa kalamu, kanisa na shule. Biblia nzima ya Martin Luther ilitoka mwaka 1534. Waholanzi wakapata tafsiri yao rasmi mwaka 1637, na mwaka 1648, kwa mkataba wa Münster, Hispania ikautambua uhuru wao. Serikali yao, Biblia yao, shule zao: lugha ikapata nyumba. Majirani wa Kijerumani cha Chini hawakuipata nyumba hiyo, na leo lugha yao inapigania uhai wake.

Wanaotetea hoja ya lahaja wana ushahidi mmoja wanaoupenda sana. Katika wimbo wa taifa wa Uholanzi, uliotungwa karne ya 16, Willem wa Orange, aliyewaongoza Waholanzi kuiasi Hispania, anajitambulisha kuwa ni "van Duitsen bloed", yaani wa damu ya "Duits", na kwa Kiholanzi cha leo "Duits" ni -a Kijerumani. Ukiusoma mstari huo kwa macho ya leo unadhani kesi imekwisha. Lakini neno hilo lilianza likiwa na maana ya "-a watu", yaani lugha ya watu wa kawaida mbele ya Kilatini cha makasisi, na lilitumika pande zote mbili kabla mpaka haujawa mpaka. Tena Willem alizaliwa Dillenburg, ambayo leo iko Ujerumani. Anataja asili yake, na lugha ya Waholanzi haimo katika mstari huo.

Sasa funga kitabu, usikilize. Herufi g, ambayo Mjerumani huitamka kama sisi tunavyosema "gari", Mholanzi wa kaskazini huikwaruza kooni, karibu kabisa na "kh" ya "Alkhamisi". Wajerumani wakiona "sch" husema "sh". Waholanzi husema "s" kisha "kh" hiyo ya kooni. Inasimuliwa kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili Waholanzi waliwatambua Wajerumani kwa kuwatamkisha Scheveningen, jina la ufukwe ulioko Den Haag. Mswahili wa pwani aliyesoma madrasa ana bahati hapa, kwa kuwa koo lake limeshazoea sauti hizo. Lakini ile irabu ya "huis", nyumba, haina kwao katika Kijerumani wala katika Kiswahili, na mimi ilinichukua miezi.

Kuna tukio ambalo ndilo lililonifungua macho. Nilikwenda kujiandikisha katika ofisi moja, nikafika dirishani, karani akaniuliza kwa upole: "En wie bent u?" Kwa Kijerumani "wie" ni "vipi". Nikasikia ananijulia hali, nikamjibu kuwa mimi ni mzima, nikamshukuru. Akarudia swali lilelile, polepole zaidi, akiuangalia mkono wangu uliokuwa umeshika pasipoti. Kwa Kiholanzi "wie" ni "nani". Nilitoka pale nimeelewa kwamba maneno makubwa hayatanisumbua. Neno refu usilolijua linakusimamisha, unakwenda kulitafuta. Dogo unalodhani unalijua linakupitisha moja kwa moja hadi kwenye kosa.

Orodha yake ni ndefu kuliko watu wanavyokubali. Kwa Kiholanzi "zee" ni bahari na "meer" ni ziwa. Kwa Kijerumani "das Meer" ni bahari na "der See" ni ziwa, na kana kwamba haitoshi, "die See" nayo ni bahari. Mholanzi akisema "bellen" anapiga simu, Mjerumani akisema "bellen" anazungumzia mbwa anayebweka. "Slim" ya Kiholanzi ni mwerevu, "schlimm" ya Kijerumani ni mbaya. Linalonitia wasiwasi zaidi ni "doof". Muuguzi aliyesomea Kijerumani akikuta neno hilo katika faili la mgonjwa Uholanzi ataelewa kwamba mgonjwa ni mpumbavu, kumbe mwenzake aliandika kwamba mgonjwa ni kiziwi na azungumzwe naye ipasavyo. Kosa la namna hiyo anayelipia ni mgonjwa.

Kwenye sarufi mizani inaegemea Kiholanzi kwa wepesi. Mjerumani ana jinsi tatu za nomino na hali nne, hivyo mwanamume ni "der Mann", "den Mann", "dem Mann" au "des Mannes" kutegemea kazi yake katika sentensi. Mholanzi anasema "de man", basi. Hali hizo zilikuwapo kwao pia, na tahajia ya mwaka 1947 ndiyo iliyomaliza mabaki yake mengi katika maandishi. "Den" ya Den Haag ni kovu lake. Sisi tuliokulia katika ngeli hatuogopi makundi ya nomino. Kinachotuumiza ni kwamba umbo la nomino ya Kijerumani mara nyingi halikwambii kundi lake, tofauti na "kiti" na "mti" zinazojitangaza zenyewe. Lugha zote mbili huusukuma mzigo wa vitenzi hadi mwisho wa kishazi tegemezi, lakini mwisho wenyewe unatofautiana: kusema kwamba anataka kusoma kitabu, Mjerumani humalizia "lesen will", kusoma anataka, na Mholanzi "wil lezen", anataka kusoma, kama sisi.

Katika msamiati kuna jambo ambalo natamani wanaotunga istilahi za Kiswahili walitazame kwa makini. Simon Stevin, mwanahisabati aliyezaliwa Brugge mwaka 1548, aliamini sayansi inaweza kusemwa kwa Kiholanzi, akaunda maneno kutokana na mizizi ya lugha yake. Hisabati hadi leo ni "wiskunde", elimu ya yakini, wakati Mjerumani anasema "Mathematik". Kemia ni "scheikunde", elimu ya kutenganisha, na kwa Kijerumani ni "Chemie". Kisha nyumbani na mtaani mambo yanageuka: Mholanzi ameazima mwavuli na zawadi kwa Mfaransa, "paraplu" na "cadeau", na Mjerumani ana "Regenschirm" na "Geschenk" zake mwenyewe.

Kuelewana nako hakuko sawa kwa pande zote. Mholanzi humwelewa Mjerumani zaidi kuliko Mjerumani anavyomwelewa yeye, na sababu kubwa haimo ndani ya lugha. Kijerumani kinafundishwa katika sekondari za Uholanzi, na televisheni ya Uholanzi huacha sauti ya asili ikaweka maandishi chini, wakati Ujerumani filamu za kigeni huingizwa sauti za Kijerumani. Wasemaji wa Kijerumani kama lugha ya kwanza ni zaidi ya milioni 90, wa Kiholanzi ni takriban milioni 24. Mdogo ndiye humsikiliza mkubwa. Kinyarwanda na Kirundi ni lugha mbili kwa jina, na bado mtu wa Kigali na mtu wa Bujumbura wanazungumza bila mkalimani. Mtu wa München na mtu wa Amsterdam hawawezi hivyo mpaka mmoja awe amejifunza lugha ya mwenzake, au wote wakimbilie Kiingereza. Kwa kipimo hicho, Waholanzi wana haki ya kukereka.

Kijana anayetaka kufanya kazi Uholanzi namshauri aanze na Kiholanzi chenyewe, asipite mlango wa Kijerumani kwa kudhani anafupisha njia. Aliyekwisha kujua Kijerumani anao mtaji wa kweli wa kusoma, autumie bila woga, ila kwa kusikia na kusema akae darasani na wanaoanza, na vijineno kama "wie" avisome upya kama hajawahi kuviona. Yapo machache yatakayovuka mpaka naye bila kubadilika. Moja ni saa. "Halb drei" ya Kijerumani na "half drie" ya Kiholanzi zote zinataja tatu, na zote maana yake ni nusu ya kuiendea hiyo tatu, ambayo kwa hesabu yetu ni saa nane na nusu. Akipangiwa zamu ya "half drie" akaihesabu kuwa saa tisa na nusu, atafika mwenzake ameshamngoja saa nzima.