Kisima cha Milimani hakipeleki maji Rhonda

Kila mifereji ikikauka Nakuru, shauri ni lile lile: kila mtu achimbe kisima chake, kama wenye nyumba kubwa za mtaa wa Milimani. Linaudhi. Mpangaji wa chumba kimoja mitaa ya Kaptembwo au Rhonda atachimba wapi, na kwa pesa gani? Yeye hununua mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni. Ukiuzwa shilingi 10, uniti moja, yaani mitungi 50, imemgharimu shilingi 500. Mwenye mfereji nyumbani halipi hata karibu na hapo.

Bei ya maji ya bomba hupanda kwa ngazi. Uniti 6 za kwanza huwa nafuu, zinazofuata ghali zaidi, ili hoteli na nyumba zenye bustani zimbebe anayetumia kidogo. Mteja mkubwa akihamia kisima chake, mabomba, pampu na mishahara bado vinadai pesa zile zile, na wanaozilipa ni waliobaki.

Ngazi hizo nazo zinamgeukia mtu wa ploti, yaani mpangaji wa vyumba vilivyo kwenye ua mmoja. Chukua familia 10, kila moja mitungi 3 kwa siku: kwa siku 30 ni uniti 18. Kila familia ikiwa na mita yake, imetumia uniti 1.8, iko ngazi ya chini kabisa. Wakigawana mita moja ya mwenye ploti, uniti 12 kati ya hizo 18 zinatozwa bei ya juu. Wanaotumia maji kidogo kuliko wote mjini wanahesabiwa kama mwenye bustani!

Sawa, kisima huokoa hospitali mfereji ukikauka wiki nzima. Lakini maji mengi ya chini ya ardhi huku Bonde la Ufa yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, inakolea. Chujio la mkaa wa mifupa huipunguza, ila hushiba, na usipopima maji hutajua limeacha kufanya kazi. Floraidi ikizidi, meno ya mtoto huharibika yangali ndani ya ufizi.

Katiba ya 2010 iliipa kaunti huduma za maji. Wenye sauti wakishajitoa, nani atamkaba mwakilishi wadi wakati wa bajeti? Kaunti ianze kwa kufunga mita kwa kila mlango wa ploti. Kisha ifunge mita kwenye visima vya nyumba zilizounganishwa na bomba la maji taka, maana ada yake huhesabiwa kwa maji yaliyopimwa, na kisima kisicho na mita humwaga humo bure.