Msituuzie tangi na samaki siku moja

Wiki tatu zilizopita binti wa jirani yangu, mwenye miaka 8, aligonga mlango jioni akiwa ameshika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na goldifishi amelala ubavu. Huyo ndiye alikuwa wa nne na wa mwisho. Watatu walikuwa wameshakufa, mmoja baada ya mwingine, ndani ya siku nne. "Shikamoo anko," akasema, na kabla sijaitikia akaongeza, "ni mimi niliyewaua?"

Swali hilo limenikaa kooni mpaka leo, na ndilo linaloniandikisha haya.

Baba yake alinisimulia ilivyokuwa. Alinunua tangi la lita 60, kokoto, pampu, kichujio kidogo, chakula na samaki wanne, vyote asubuhi moja katika duka moja. Akaambiwa ajaze maji ya bomba, adondoshee dawa ya kuondoa klorini, asubiri nusu saa, awaachie samaki. Siku ya pili maji yakawa meupe kama yamemwagiwa tui. Akapiga simu. Akaambiwa amwage yote, aoshe kokoto na sponji ya kichujio kwa sabuni, aanze upya. Akatii, mara mbili. Kila kitu ndani ya tangi lile kilikuwa safi, na usafi huo ndio uliowamaliza samaki.

Samaki hutoa amonia kila saa, nyingi yake kupitia matamvua. Ziwani au mtoni amonia hiyo hupotea katika maji mengi, huliwa na mimea, hugeuzwa na bakteria waliotanda kwenye kila jiwe. Katika tangi la jana hakuna bakteria wa kutosha. Amonia inapanda, matamvua yanaungua, samaki anapanda juu kutafuta hewa, na sisi tunadhani ana njaa, tunamwongezea chakula kinachooza na kuzaa amonia zaidi. Tena hapa Dar, maji ya tangi yakifika nyuzi 29 au 30, hali ni mbaya zaidi, maana joto na pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) vikipanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inakuwa sumu kali.

Kundi la kwanza la bakteria linapokomaa hugeuza amonia kuwa nitraiti, na nitraiti nayo huua: huigeuza damu ya samaki kuwa ya kahawia, ikashindwa kubeba oksijeni. Kundi la pili ndilo huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na mimea huila. Safari hiyo yote huchukua wiki nne mpaka sita. Haya si maarifa mapya. Mwanasayansi Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria wa aina hiyo mwaka 1890. Miaka zaidi ya 130 imepita, na bado mzazi anatoka dukani na mfuko wa samaki bila mtu kumwambia neno moja.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kusubiri maji si jambo geni kwetu. Mjomba wangu anafuga perege Songea. Akishachimba bwawa huweka chokaa, hujaza maji, hutia samadi, kisha hungoja. Siku moja nilimwona amezamisha mkono mpaka kwenye kiwiko huku akitazama kiganja. Kikionekana wazi, maji bado. Kikififia ndani ya ukijani, maji yameiva, sasa vifaranga waje. Mwaka ule alikuwa ameshalipia vifaranga na majirani walimharakisha, lakini hakuwaweka hata mmoja kabla ya siku yake. Maji ya tangi la kioo hatuyataki ya kijani namna hiyo, lakini subira ni ileile. Aliyefundishwa na bwawa anajua kwamba maji hupikwa na muda. Kwa nini mwenye duka katikati ya jiji asijue, au akijua asiseme?

Nakubali, shingo upande, kwamba mwenye duka analipa pango kila mwezi, na mteja mwenye mtoto mkononi hataki kusikia habari za wiki tano. Nakubali pia kwamba mtu mzoefu anaweza kuanza na samaki wawili watatu wadogo katika tangi lililosongwa na mimea, akipima maji kila siku na kubadilisha sehemu yake mara kwa mara. Lakini huyo ni mzoefu. Mteja wa kwanza anastahili kuuziwa tangi leo, mimea leo, na samaki mwezi ujao. Atarudi tu. Huyu jirani yangu alikuwa ameapa kutorudi kabisa.

Mimea ndiyo ningeanza nayo daima. Valisneria na anubiasi hazina makuu. Ile mimea ya kuelea yenye majani kama mkia hukua mbio na hunywa amonia moja kwa moja kutoka majini. Ipande kwa wingi siku ya kwanza. Taa kwa muda wa saa sita mpaka nane kwa siku zinatosha, zaidi ya hapo unafuga mwani. Majani ya zamani yakioza wiki ya kwanza usiing'oe mimea, inazoea maji mapya. Yaondoe yaliyooza tu. Ila nakuomba usizoe magugu ziwani au mtaroni ukayatia kwenye tangi la mtoto, kwa sababu konokono wa kichocho husafiri humo.

Basi nilimwambia yule binti ukweli: hapana mwanangu, hukuwaua, hakuna aliyekwambia. Siku mbili baadaye tukaanza upya, yeye, baba yake na mimi. Goldifishi hawarudi humo. Lita 60 ni finyu kwao na mimea wangeifukua yote. Tukaweka udongo, juu yake mchanga uliooshwa kwa maji matupu, tukapanda mpaka nyuma ya tangi pakafunikwa. Nikakata kipande cha sponji nyeusi, yenye ute, kutoka kwenye kichujio cha tangi langu la miaka mitatu, nikakitia kwenye kichujio chao, maana bakteria wamejaa humo. Mama yake akacheka, "Kumbe kama mtindi, unaombea chachu kwa jirani." Ndivyo hasa, na sijapata maelezo bora kuliko hayo. Baba mtu akaleta kamba mbichi mmoja kutoka soko la samaki la Feri, tukamfunga kwenye kitambaa chepesi na kumwacha aoze ndani ya maji, ili bakteria wapate amonia ya kula.

Umeme ulipokatika usiku mzima juma la pili niliingiwa na hofu, maana kichujio kikisimama bakteria hukosa oksijeni. Nikawapelekea pampu yangu ya betri saa tano usiku. Tangi halina hata samaki mmoja, lakini mle ndani kuna uhai, na ningependa kila anayeuza vioo hivi auone hivyo.

Kila jioni binti anakuja na vichupa vyake vya maji nipime naye. Jana amonia ilisoma sifuri kwa mara ya kwanza, akaruka. Kisha tukadondosha matone ya nitraiti, na maji yakageuka zambarau iliyokolea. Akaitazama ile rangi kwa muda, akaiweka karibu na karatasi ya rangi, akafungua daftari lake la hesabu na kuandika kwa penseli: siku ya 19, bado.