Kisu cha mfukoni kinunuliwe kwa makali, si kwa mng'ao

Pitia meza za wauza vitu vidogovidogo kuzunguka soko la Mzee Kabila hapa Lubumbashi, au shuka hadi soko la mtaa wa Kenya, utakuta visu vya kukunja vimepangwa kati ya tochi, kufuli na chaja za simu. Vinavyowekwa mbele ni vile vinavyong'aa: cheusi chenye picha ya joka, kingine chenye mpini wa rangi saba, kingine nusu makali nusu msumeno, chenye ndoano ya kukatia mkanda wa gari na ncha ya kuvunjia kioo. Kijana anakifyatua kwa kidole gumba, paa! "Papa, hii ni ya jeshi." Mimi nasema hivyo ndivyo visu vibaya kuliko vyote mezani. Watu wanavinunua kwa sababu hawajiulizi swali moja kabla ya kutoa pesa: makali yakiisha, nitakinoaje?

Maana makali yataisha. Kisu cha dola tatu yataisha, cha dola mia yataisha. Anayenunua kisu asichoweza kukinoa amenunua kipande cha chuma cha kubeba mfukoni.

Tuangalie kwanza kazi yenyewe. Kisu cha kila siku mjini kinakata kamba ya saka ya makala, kinafungua mfuko wa simenti, kinamenya embe, kinachuna waya wa umeme, kinagawa mkate ndani ya basi la kwenda Likasi. Majira ya mvua, akina mama wanapoleta uyoga wa vichuguu kutoka porini, ndicho kinachokata shina lililojaa udongo kabla uyoga haujaingia kwenye kapu. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayotaka msumeno. Zinataka ubapa mwembamba, usiozidi sana upana wa kiganja, makali laini mwanzo hadi mwisho, na ungio la ubapa na mpini lisilotikisika. Nusu-msumeno inakata kamba vizuri ikiwa mpya, ni kweli, lakini ikiisha makali, jino mojamoja linataka tupa nyembamba ya mviringo na uvumilivu ambao wengi hawana. Makali laini ayanoe mtu yeyote.

Halafu chuma. Neno "Stainless" lililochorwa peke yake kwenye ubapa linakuambia kuna krome ya kutosha kuzuia kutu, basi. Kijiko cha mezani nacho hakishiki kutu. Kinachoshika makali ni kaboni na namna chuma kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Visu vingi vya Kichina vinavyojiheshimu huchorwa aina ya chuma, na alama hiyo inasomeka: 3Cr13, 5Cr15MoV, 8Cr13MoV. Namba ya kwanza ni kaboni kwa sehemu ya kumi ya asilimia, na namba inayofuata Cr ni krome kwa asilimia. Kwa hiyo 3Cr13 ina kaboni kama asilimia 0.3, kinanoleka upesi na kinakuwa butu upesi vilevile. 8Cr13MoV ina kama asilimia 0.8 na kinadumu zaidi. Kisu cha bei ya chini chenye alama ya 8Cr, kama alama hiyo ni ya kweli, ni mali. Kisu kilichojaa maandishi ya kijeshi bila kutaja chuma chake, mimi nakirudisha mezani.

Alama inaweza kudanganya, ungio haliwezi. Kifungue, shika ncha kwa vidole viwili, sukuma kushoto na kulia. Kikicheza leo kikiwa kipya, baada ya miezi michache kitalegea kabisa. Kifunge utazame toka juu: ubapa ukae katikati ya mpini, usiguse ukuta wowote. Kama kina kizuizi cha kukishikilia kikiwa wazi, bonyeza mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali na njia ya kufungia. Jipe muda, na muuzaji akikuharakisha ondoka. Mtoto wa dada yangu, anayefanya kazi karakana ya magari, alikuwa anakata utepe wa mpira wa chemba ya tairi kwa kisu cha aina hii ya joka. Kizuizi chake kilikuwa kibati chembamba ndani ya mpini. Kiliteleza, ubapa ukajifunga juu ya vidole viwili, na akashonwa. Kisu kisicho na kizuizi kabisa kingemfaa zaidi, kwa kuwa kingemfundisha mkono kuwa mwangalifu. Kizuizi dhaifu kinampa mtu ujasiri asiostahili kuwa nao.

Kwa mwenye pesa kidogo, Okapi ndiyo ya kutafuta kwanza. Ilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ikilengwa kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani Afrika, mwaka mmoja tu baada ya wanasayansi wa Ulaya kumpa jina la kitaalamu mnyama wetu wa msitu wa Ituri. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 inatengenezwa Afrika Kusini, kwa hiyo njia ya kufika kwetu ni ileile ya bidhaa nyingine za kusini, Zambia halafu mpaka wa Kasumbalesa. Utaitambua kwa mpini wa mti wa rangi ya giza wenye mwezi na nyota za chuma, pete mgongoni, na mlio wa meno, tra-tra-tra, inapofunguka. Ukiivuta pete, meno yanaachia na kisu kinafungwa. Haina urembo wa kiwanda: mara nyingi ubapa unacheza kidogo, na mimi naisamehe hilo kwa sababu moja. Ubapa wake ni chuma cha kaboni, chuma kinachokubali jiwe. Dakika chache tu kinakata nywele za mkono. Kwa upande mwingine, kisilale na maji. Ukimenya embe au kukata limau kinabadilika rangi, kinakuwa kijivu hadi cheusi. Weusi huo hauna madhara, hata unasaidia kukinga kutu. Kutu nyekundu ndiyo adui. Kifute, kipake tone la mafuta ya cherehani, na ukifute tena kabla ya kukatia chakula. Mafuta ya kupikia yanaganda na kunata kwenye ungio.

Okapi ina tatizo lingine, la sifa. Afrika Kusini na hata Jamaika imejulikana kama kisu cha wahuni, na ile kubwa inamtisha mtu ukiifungua mbele yake. Chukua ndogo.

Mwenye uwezo wa kufika dola kumi na tano au ishirini, namwambia bila kusita: Opinel. Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, milima ya Ufaransa, na mwaka 1897 akavipanga kwa namba, 1 hadi 12. Kwa mfukoni ni namba 7 au 8. Ubapa wa namba 8 una sentimita 8.5. Mpini ni kipande kimoja cha mti, na shingoni kuna pete ya chuma iliyobuniwa mwaka 1955: unaizungusha, ubapa haufungwi tena. Ni kizuizi rahisi ambacho unaona kwa macho kama kimefunga au hakijafunga, na kwangu hilo lina thamani kuliko vibati vyote vya ndani. Ubapa ni mwembamba sana, ndiyo maana unapita kwenye nyanya bila kuiponda. Usiutumie kufungulia kopo la rangi, ncha itapinda.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa huku tunapaswa kulijua. Mti huo unakunywa maji. Mvua zetu zikianza Novemba, mpini unavimba na ubapa unang'ang'ania ndani, kucha haiwezi kuutoa. Kiangazi kikija, Mei hadi Septemba, unanywea na kisu kinafunguka kwa ulaini mno. Watu wa Savoie wenyewe wana dawa: hugonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, ubapa unachomoza kidogo, wanaushika. Mimi naongeza nta ya mshumaa kwenye ungio kabla ya mvua kuanza. Kinauzwa cha kaboni na cha chuma kisichoshika kutu. Kwa mtu anayetoka jasho kutwa, au anayesahau kufuta, cha pili.

Kisu cha Uswisi chenye mpini mwekundu nakipenda, lakini cha kweli ni ghali, na vya bandia vyenye msalaba mweupe vimejaa kila mahali. Cha kweli kina jina la Victorinox limechorwa chini ya ubapa, tabaka zake hazina mwanya, na kila kifaa kinajifunga kwa mlio mkavu. Kama ndugu yako wa Ulaya anauliza akuletee nini, mtajie hicho. Na kwa mtu wa duka anayefungua makatoni tu kutwa nzima, kile kisu cha plastiki cha vipande vya kukatika kinamtosha. Sioni aibu kusema hivyo. Ila akimenyee embe kama hatokuja kulalamika.

Sasa kunoa. Usipeleke kisu chako kwa fundi wa kuchomelea akipitishe kwenye mashini ya kusagia. Cheche zile ni joto, na makali membamba yanapata moto kwa nukta. Yakigeuka bluu, ugumu umeondoka sehemu hiyo, hautarudi kwa kunoa.

Nenda kwa wanaouza vifaa vya kupaka magari rangi, ununue msasa wa maji, karatasi moja ya namba 400 na moja ya namba 1000. Laza ya 400 juu ya kipande cha kioo au kigae kilichonyooka, ilowanishe. Kiweke kisu wima, kilaze nusu, kilaze nusu tena; hapo umekaribia digrii 20 zinazotakiwa. Kivute mgongo ukitangulia, makali nyuma, kwani ukisukuma makali mbele utachana karatasi. Endelea upande mmoja mpaka upapase upande wa pili kwa kidole, kutoka mgongoni kuja kwenye makali, uhisi kinyuzi cha chuma kimejikunja kutoka shingoni hadi kwenye ncha. Kinyuzi kisipotokea, hujafika, hata ukichoka. Kikitokea, geuza. Halafu namba 1000 kwa mkono mwepesi, halafu upande wa ndani wa mkanda wako wa ngozi. Kisha kitazame chini ya taa, makali yakiwa juu: mahali panapometa ni butu bado. Siku msasa umekwisha, pindua kikombe cha kauri. Ule mduara wa chini usio na rangi ya kung'aa ni kinoo kizuri.

Kikiwa na makali, kikae mfukoni kimefungwa, si kwenye mkanda wazi ili watu wakione. Kibaki nyumbani ukienda kanisani, baa, au uwanja wa Kamalondo timu ya Mazembe inapocheza. Ukipanda ndege Luano kiwe kwenye mzigo mkubwa, la sivyo utakiacha mezani kwa wakaguzi.

Kwa hiyo ndugu anayeniuliza ana dola kumi, jibu langu ni Okapi ndogo na karatasi mbili za msasa. Akiwa na ishirini, Opinel namba 8 isiyoshika kutu, na msasa uleule.