Gombe si ya kukimbizana

Ratiba ya safari ya Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, tuliyotumiwa kwenye WhatsApp ilikuwa na mambo sita: sokwe, maporomoko ya Kakombe, Kilele cha Jane, kuogelea, kuvuta kamba, nyama choma. Yote yaishe kabla ya saa kumi jioni, maana ziwa likichafuka boti ya kurudi inakuwa kazi. Tukaondoka Kibirizi, kituo cha boti pale Kigoma, alfajiri, watu kumi na mbili.

Aliyepanga ratiba ile nadhani aliipanga akiwa ameketi. Gombe kwenye ramani ni kipande chembamba tu, lakini kimesimama wima: kutoka ufukweni, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi kama mita 1,500. Bondeni kuna msitu na ubaridi. Ukitoka juu ni majani makavu yanayoteleza kama sakafu iliyomwagiwa maharage.

Sokwe tuliwaona. Mama na mwanawe, wanachambuana manyoya, sisi barakoa usoni kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kutofautisha sura zao, kiongozi wa kikundi akaonyesha saa.

Kilele ndiyo kiliniudhi. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960, na miezi ikapita sokwe wakimkimbia. Pale juu ndipo alipokuwa akikaa na darubini, siku baada ya siku, akiwatazama kwa mbali mpaka wakamzoea. Mahali penye jina kwa sababu mtu alikaa, sisi tukapiga picha tukashuka. Dakika kumi, labda.

Kwenye mteremko mama mmoja wetu aliishiwa magoti. Mguu unatetemeka, mkono umeng'ang'ania mzizi, na vijana wa mbele wanapiga kelele, "Mama, kaza mwendo, nyama inapoa!" Muongoza watalii hakusema neno. Alirudi, akampa fimbo yake, akatangulia naye hatua kwa hatua. (Nyama yenyewe tuliikuta bado haijaiva.)

Safari ijayo nimeomba mambo mawili tu, sokwe na Kakombe, na saa nzima ya kukaa pale maji yanapoanguka. Kiongozi wetu amenijibu, "Sasa kaka, na kuvuta kamba?"

Kamba tutavutia Kibirizi.